Sura ya Sita: Magoti ya Wapagazi na Mashine ya Kukimbilia

Mtu wa makamo akitangaza mbele ya jamaa zake kwamba amenuia kuanza kukimbia, ili apunguze mwili au ateremshe shinikizo la damu, hakosi kuonywa papo hapo: jihadhari, utasaga magoti. Akijibu kwamba hatakimbia barabarani, bali ataingia katika chumba cha mazoezi na kupanda mashine ya kukimbilia, hupokea maonyo mawili yanayopingana. Mmoja humwambia kwamba mashine ndiyo mbaya zaidi, kwa kuwa ukanda wake huuvuta mguu na kuuharibu mwendo ambao mtu amezaliwa nao. Mwingine humhakikishia kwamba mashine ni laini kuliko lami, na kwamba anayeithamini miguu yake hana budi kuiacha barabara kabisa. Naye mwulizaji, akiwa amesimama baina ya rai mbili hizi, aghalabu huchagua ya tatu ambayo hakuna aliyempa, nayo ni kuketi. Na katika sura hii nataka kuthibitisha kwamba kati ya rai zote tatu hiyo ndiyo yenye hatari kubwa kwa magoti yenyewe, seuze kwa moyo.

Ili hoja isielee hewani nitaiweka juu ya ardhi ya Tabora, kwa maana sioni mahali pengine katika Afrika ya Mashariki ambapo goti la mwanadamu limetahiniwa kwa muda mrefu zaidi. Mji huo umekaa juu ya uwanda ulio mita 1,200 hivi kutoka usawa wa bahari, umezungukwa na misitu ya miombo, na kabla ya reli kuufikia mwaka 1912 karibu kila kitu kilichoingia na kutoka kilisafiri kwa miguu ya watu. Mbung'o waliwaua wanyama wa mizigo njiani, na magurudumu hayakuwa na barabara ya kupita. Kwa hiyo pembe za ndovu ziliteremka pwani, na nguo za merikani na kaniki, ushanga, waya wa shaba, bunduki na baruti zikapanda bara, zote zikiwa vichwani na mabegani. Kutoka Bagamoyo hadi Tabora ni mwendo wa kilometa zipatazo 800, kupitia Mpwapwa, kisha Ugogo ambako hongo, yaani ushuru wa kupita, ilitozwa na kila mtemi, kisha pori la Mgunda Mkali, ndipo msafiri akatokea Tura, Rubuga na Kigwa katika nchi ya Wanyamwezi. Na kutoka Tabora hadi Ujiji ni kilometa 400 nyingine, kupitia Uvinza penye chumvi na ng'ambo ya mto Malagarasi.

Wako waliopita njia hiyo wakiwa shingoni wamefungwa minyororo, na taabu yao haistahili kuingizwa katika mazungumzo ya afya na mazoezi ya mtu yeyote. Wale ninaowanena hapa ni wapagazi wa kupangwa, wengi wao Wanyamwezi, waliopatana ujira wao na wenye mali na waliokuwa na fahari juu ya kazi yao. Na hata hao sitaki msomaji adhani kwamba waliishi katika raha, kwa maana ndui, kuhara, njaa na vidonda vya miguu viliwaua wengi kabla hawajaliona tena jua la Unyamwezi.

Mzigo wa kawaida ulikuwa frasila 2. Frasila moja ni ratli 35, yaani kilo 16 hivi. Basi mpagazi alichukua kilo 32 za mali ya tajiri, na juu ya hizo akaongeza mkeka wake wa kulalia, chungu chake, posho yake ya nafaka na silaha yake. Pembe kubwa ilikaa begani mwa mtu mmoja mwenye nguvu, nayo ilifungwa kengele nchani, hata msafara ukasikika kabla haujaonekana. Mzigo uliopita uwezo wa mtu mmoja ulitundikwa katikati ya mti na kuchukuliwa na watu wawili, na hao ilibidi walinganishe hatua zao kutwa nzima. Lakini ninalolipenda zaidi ni lile walilolifanya kwa mtumba wa nguo: waliukaza pamoja na vijiti vitatu virefu vilivyojitokeza upande wa chini, ili wakati wa kupumzika uweze kusimamishwa na kuegemezwa mti bila kugusa ardhi yenye unyevu, na wakati wa kuondoka mpagazi auingize bega chini yake akiwa karibu wima. Tazama hekima iliyomo humo. Kuchuchumaa hadi chini na kuinuka na kilo 32 ni tendo linalolibana goti kuliko kutembea nazo kwa saa nzima, nao wapagazi, bila ya kitabu cha tabibu, walikuwa wamelijua jambo hilo na kulitafutia dawa ya vijiti vitatu.

Wala kijana wa Kinyamwezi hakuanza kwa frasila 2. Wasafiri wa karne ya 19 walishuhudia watoto wa kiume wakifuata misafara na pembe ndogo mabegani, kadiri ya umri wao, na mzigo ukakua pamoja na mwili kwa miaka mingi, hata mtu alipofika umri wa kubeba mzigo kamili viungo vyake vilikuwa vimekwisha kuzoea sehemu kubwa ya uzito huo. Siku ya mwendo nayo ilikuwa na mpaka. Msafara uliondoka alfajiri, ukaenda maili 10 au 15, na kabla jua halijawa kali aghalabu ulikuwa umekwisha kupiga kambi. Mwendo wa kuunganisha mchana na usiku ulikuwa ni wa dharura, wa kuvuka pori lisilo na maji. Tena si kila siku ilikuwa ya kutembea. Wasafiri Waingereza Richard Burton na John Speke waliingia Kazeh, mtaa wa Waarabu katika Tabora ya siku zile, tarehe 7 Novemba 1857, na kwa hesabu ya Burton mwenyewe ilikuwa siku ya 134 tangu kuondoka pwani, na mwendo wao ulikuwa si chini ya maili 600. Gawanya, utaona kwamba ni maili 4 na nusu tu kwa siku. Siku nyingine zote zilikwenda katika kujadiliana hongo, kungojea nafaka, kuuguza wagonjwa na kuwatafuta watoro. Hapana aliyezipanga kwa ajili ya viungo, lakini viungo vilizipokea, na viungo havimwulizi mtu kama mapumziko yake yametokana na busara au na ugomvi wa hongo.

Na walipofika Tabora mizigo ilitua. Wapagazi wa Kinyamwezi waliotoka pwani waliachana na msafara hapo na kurudi makwao kulima, na mwenye mali aliyetaka kuendelea hadi Ujiji ilimpasa kuwatafuta watu wengine na kusubiri kwa majuma, pengine kwa miezi, chini ya miembe ambayo njia hiyo yote inajulikana nayo hata leo. Mwili uliobeba wakati wa kiangazi ulishika jembe wakati wa masika. Burton, aliyesafiri zaidi kwa punda, ndiye aliyepoteza miguu: mapema mwaka 1858, alipokuwa ameipita Tabora akielekea ziwa Tanganyika, homa ilimtia ganzi miguuni hata akachukuliwa kwa machela na watu waliokwenda kwa nyayo zao.

Sasa na tulitazame goti lenyewe, kwa kuwa hofu nyingi zinatokana na kutolijua. Goti ni mahali ambapo mfupa wa paja hukutana na mfupa wa muundi, na mbele yake pia ya goti huteleza juu na chini kila mguu unapokunjwa na kukunjuliwa. Ncha za mifupa zimevikwa gegedu, nalo ni utando mweupe, laini, wenye unene wa milimeta chache, na baina ya mifupa miwili kuna vipande viwili vya umbo la mwezi mwandamo vinavyoutawanya uzito usilemee mahali pamoja. Gegedu la ncha za mifupa halina mishipa ya damu. Riziki yake hutoka katika ute wa kiungo, na ute huo hauingii ndani kwa hiari yake: mguu unapokanyaga, gegedu hubanwa na kutoa maji, mguu unapoinuliwa, hufumuka na kuyanywa tena pamoja na chakula kilichomo, kama dodoki linavyofanya mkononi mwa mwogaji. Kiungo kisichobanwa kinakosa chakula. Watu waliopooza miguu kwa ajali ya uti wa mgongo wamepimwa magoti yao na gegedu likaonekana limepungua unene, na hali hao hawakukimbia hata hatua moja. Kwa hiyo anayedhani kwamba goti ni kifaa kilichopewa idadi fulani ya hatua, na kwamba kila anayekimbia anaitumia akiba yake, amekichukua kiungo kilicho hai akakifananisha na chuma.

Ithibati ya jambo hili haikosekani. Mwaka 2017 ilichapishwa hesabu iliyokusanya tafiti nyingi za nchi mbalimbali, ikachunguza ni watu wangapi wenye magoti au nyonga zilizosagika. Miongoni mwa wanaokimbia kwa ajili ya afya na furaha walikuwa asilimia 3.5, miongoni mwa wasiokimbia kabisa, asilimia 10.2, na miongoni mwa wakimbiaji wa mashindano makubwa, asilimia 13.3. Msomaji makini atasema kwamba huenda wenye magoti mazima ndio wanaochagua kukimbia, na wenye maumivu hujitenga mapema. Hoja hiyo ni ya haki, na inatuzuia kudai kwamba kukimbia ni dawa ya magoti. Hata hivyo wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, waliwafuata wakimbiaji wa masafa marefu na wenzao wasiokimbia kwa karibu miaka 20 kuanzia mwaka 1984, wakiwapiga picha za magoti mara kwa mara, na mwishowe wakimbiaji, ambao walikuwa wamekwisha kuwa wazee, hawakuonekana kusagika kuliko wenzao. Mimi naridhika na ushahidi huu kwa kiasi hiki: kukimbia kwa kadiri hakusagi goti zima. Na ile asilimia 13.3 ya watu wa mashindano naichukua kuwa alama ya mpaka, kwa maana hao ni watu ambao riziki au sifa yao haiwaruhusu kupumzika mwili unapoomba.

Mashine ya kukimbilia ilizaliwa katika mahali pa huzuni. Mwaka 1818 mhandisi Mwingereza William Cubitt aliwabunia wafungwa gurudumu la kukwea lisilo na mwisho, na adhabu hiyo ilidumu katika magereza ya Uingereza hadi sheria ilipoikomesha mwaka 1898. Katikati ya karne ya 20 matabibu wa moyo, Robert Bruce wa Seattle akiwa mbele yao, waliugeuza ukanda unaotembea kuwa chombo cha kuupima moyo, na kutoka hospitalini chombo kikaingia majumbani na katika vyumba vya mazoezi, hata sasa kimefika katika miji yetu.

Je, ukanda huuvuta mguu? Maadamu ukanda unakwenda kwa mwendo mmoja usiobadilika, kukimbia juu yake na kukimbia juu ya ardhi iliyotulia ni jambo moja kwa mujibu wa elimu ya mwendo, isipokuwa upepo wa mbele haupo. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2020 yalilinganisha namna mbili hizi za kukimbia na kuona kwamba tofauti ni ndogo: juu ya mashine unyayo hutua ukiwa bapa zaidi, na goti hukunjuka na kukunjwa kwa upana uliopungua kidogo. Uchunguzi mwingine wa mwaka 2016 ulipima nguvu zinazopita nyuma ya pia ya goti na zile zinazovuta ukano wa kisigino. Kwenye goti haikuonekana tofauti baina ya mashine na ardhi; kwenye ukano wa kisigino nguvu ilizidi juu ya mashine kwa kiasi cha sehemu moja katika nane. Basi anayehamia kwenye mashine ghafla, akaamka kesho yake na maumivu, aghalabu ataumwa nyuma ya kifundo cha mguu na katika misuli ya chini ya goti, naye atalaumu goti kwa sababu alikwisha kuambiwa alilaumu.

Wala wale wanaoisifu mashine kwa ulaini wake hawajafika kwenye kweli yote. Ni kweli kwamba ubao ulio chini ya ukanda hunepa kidogo; lakini mwili una desturi ya kuukaza mguu zaidi unapokanyaga mahali laini na kuulegeza unapokanyaga mahali pagumu, hata jumla ya mshindo unaoufikia mwili haitofautiani kama mtu angekisia. Faida ya mashine iko kwingine. Iko katika kipimo: mtu anaona mbele ya macho yake kasi, muda na umbali, na anaweza kuongeza kidogo kidogo kwa hakika ambayo barabara haimpi. Anaweza pia kukwea bila kuteremka, na kuteremka ndiko kunakoyatesa magoti na misuli ya mapaja. Na hatari yake iko katika jambo hilohilo la usawa. Katika njia ya kutoka Rubuga kwenda Tabora kila hatua ya mpagazi ilikutana na mzizi, jiwe au mchanga, na uzito ukahamahama ndani ya kiungo. Juu ya ukanda hatua ni moja inayorudiwa, takriban mara 1,000 kwa kila kilometa. Tena mtu anayechoka barabarani hupunguza mwendo bila hata kujua, ilhali ukanda hauchoki, naye huanza kushika vyuma vya pembeni, akainama mbele, akapigisha nyayo kwa kishindo ili asiachwe. Ukimwona mtu katika hali hiyo, kishindo kile kinachosikika hadi mlangoni ndicho kinachomdhuru, na tiba yake ni kidole kimoja kubonyeza kitufe cha kupunguza kasi.

Kwa habari ya magoti na kukimbia, Mtanzania hawezi kumpita John Stephen Akhwari wa Mbulu. Tarehe 20 Oktoba 1968, katika mbio za marathoni za Olimpiki mjini Mexico, alianguka njiani akaumia vibaya goti. Likafungwa bendeji, naye akaendelea, akaingia uwanjani giza limekwisha kutanda, zaidi ya saa moja baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kushinda, akawa wa mwisho kati ya waliomaliza. Hadithi hiyo husimuliwa kwa ajili ya ushujaa wake, na ushujaa ulikuwapo. Lakini wanaosimulia huishia hapo, wakatuachia picha ya goti lililovunjwa na mbio. Goti lile liliumizwa na mwanguko. Na mwaka 1970, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh, Akhwari alikimbia marathoni tena akawa wa tano, kwa muda wa saa 2 na dakika 15.

Ni nini basi kinachosaga magoti? Uzito wa mwili ni wa kwanza: uchunguzi wa mwaka 2005 kwa watu wazima wanene wenye magoti yaliyosagika ulionyesha kwamba kila kilo moja inayopungua mwilini huliondolea goti mzigo wa kilo 4 katika kila hatua ya kutembea. Jeraha la zamani lisilotibiwa ni la pili. La tatu ni kazi za kuchuchumaa, kupiga magoti na kuinua vitu vizito miaka nenda miaka rudi, na hapa sitaki kuwapamba wapagazi kuliko ukweli. Mwaka 1986 wataalamu, akiwamo Maloiy wa Chuo Kikuu cha Nairobi, walitangaza kwamba wanawake wa Kijaluo na wa Kikikuyu waliozoea kubeba mizigo tangu utotoni wanaweza kutembea na mzigo wa sehemu moja katika tano ya uzito wao bila kutumia pumzi ya ziada. Sehemu moja katika tano ya mtu wa kilo 60 ni kilo 12. Frasila 2 ni zaidi ya nusu ya mtu huyo. Mazoea yaliwasaidia wapagazi kubeba, lakini hayakuwasamehe gharama yote, na naamini kwamba katika vijiji vya Unyanyembe, nchi inayouzunguka mji wa Tabora, walikuwako wazee waliolipa kwa magoti yao bei ya pembe zilizouzwa Unguja.

Msomaji wangu anayetaka kupanda mashine habebi frasila hata moja isipokuwa ile aliyojiongezea kiunoni, na hiyo ndiyo anayotaka kuitua. Namshauri afuate desturi ya msafara. Majuma ya kwanza atembee tu, dakika 20 au 30, siku 3 kwa juma, na asione haya kwa jirani yake anayekimbia. Kisha achanganye, dakika moja ya kukimbia kwa mbili za kutembea, akiwa na hatua fupi na nyepesi, mikono ikiwa huru, na viatu ambavyo soli zake hazijaisha upande mmoja. Kila siku ya kukimbia aiwekee siku ya kupumzika. Asiongeze kasi na muda kwa pamoja katika juma moja. Siku nyingine ateremke kwenye ukanda akatembee juu ya udongo, nao katika Tabora haukosekani, alfajiri chini ya miembe ya Kwihara, ili miguu ikutane na ardhi isiyo sawa. Na mara mbili kwa juma ainuke kitini na kukaa, ainuke na kukaa, mpaka mapaja yachoke, kwa kuwa misuli ya paja ndiyo mlinzi wa kwanza wa goti.

Maumivu madogo yanayokuja mwanzoni na kutoweka kabla ya asubuhi ya pili si ya kukuogopesha. Punguza mwendo, uendelee. Lakini goti likivimba, likikwama usiweze kulinyosha, likikuachia ghafla unapokanyaga, au likikuamsha usiku kwa uchungu, acha mashine, acha na barabara, wala usiende kwa muuza mafuta ya kuchua. Nenda hospitali, umwonyeshe daktari goti hilo kabla juma halijaisha.